Salamu Zisizotafsiriwa

Mliponiaga ofisini mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba ni sasa, baada ya kustaafu, ndipo nitahitaji kuwahi mahali. Nawashukuru. Mmoja wenu, sitamtaja maana bado ana woga wa mahakimu, alinivuta pembeni akaniuliza ni kesi gani ya dawa za kulevya iliyonishinda kuisahau, hasa hizi za miaka ya mwisho ambazo ushahidi wake wote unatoka kwenye simu. Nikamwambia nitaandika. Nikiandika hakuna hakimu wa kunikatiza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofanyia kazi. Kortini tunasema Kiingereza, lakini sijawahi kupata ukweli wa mteja kwa Kiingereza. Nilizaliwa kota za mgodi, Kilembe, magharibi mwa Uganda. Baba alikuwa mpiga baruti, na kota zile zilikuwa na watu wa kila kabila, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya uwanjani na Lhukonzo lugha ya jikoni kwa mama. Hizo mbili zimenilisha kuliko shahada.

Siku yangu ya kwanza, Mzee Kule, wakili niliyejifunzia kazi pale Kasese, alinipeleka korti ya Bwera. Hakuniambia ni kesi gani. Tulipofika alinishika mkono akanipeleka stoo ya vielelezo, akaonyesha gunia moja na kusema, "Binti, weka mkono ndani." Nikaweka. Juu kulikuwa na dagaa wa Katunguru, wakavu, wananuka kama kawaida yao. Chini yake kulikuwa na kitu laini kama majani ya chai yaliyolowa, harufu yake tamu na nzito. "Hiyo ndiyo bangi ya Congo," akasema. "Sasa usikubali polisi akuambie ni nini. Umegusa mwenyewe." Mkono ulininukia hadi jioni, na mama alinitazama kwa mashaka wiki nzima.

Enzi hizo kesi ya bangi ilikuwa gunia na mtu aliyekutwa nalo. Kazi ya wakili ilikuwa kuuliza gunia lilikuwa wapi tangu siku lilipokamatwa. Vielelezo vilikuwa na tabia ya kukonda stoo. Nakumbuka afande mmoja aliyeapa mbele ya hakimu kwamba gunia limepungua kwa sababu ya panya. Mzee Kule akasimama polepole, akarekebisha miwani: "Mheshimiwa, naomba panya hao nao waletwe. Kama wamekula kiasi hicho, hawajaenda mbali." Korti nzima ilicheka, na mteja akaachiwa. Kesi nyingi hazikwisha hivyo.

Mzee Kule alinifundisha jambo moja ambalo nimeliona zito kuliko sheria zote. Alisema usimuulize mteja swali ambalo jibu lake huwezi kuingia nalo kortini. Mteja akishakwambia, umebeba, na huwezi kutua. Alifariki kabla simu hazijawa mashahidi, na mara nyingi nilitamani angekuwepo, angalau anitukane kidogo.

Simu zilikuja na miaka ya elfu mbili na kumi. Ghafla kila mchuuzi wa Mpondwe, pale mpakani na Congo, alikuwa na simu ya kugusa, na kila mmoja alikuwa ameingia kwenye ile programu ya ujumbe ambayo hata nyanya zenu wanayo. Ukifungua mazungumzo unaona maandishi juu yanayosema kwamba ujumbe umefungwa, hakuna wa katikati awezaye kuusoma, hata wenye programu wenyewe. Wateja wangu waliamini maneno hayo kama Injili. Walisema, "Madam, hiyo haifungukangi." Nami nikawaambia siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ujumbe hauibwi njiani, sawa, lakini ukifika umefika, uko wazi kwenye simu, na simu iko mfukoni mwa mtu ambaye polisi anaweza kumkamata mfuko. Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio mjifunze: kwa kuwa umefungwa, hakuna nakala mahali pengine popote. Hakuna ofisi utakayoiandikia wakutolee. Ujumbe uko kwenye simu ya aliyetuma na simu ya aliyepokea, basi. Simu hizo zikipotea, hata ukweli unaomwokoa mtu umepotea nazo.

Sikuyajua hayo kwa kusoma. Nilinunua simu ya aina ileile, nikakaa nayo nyumbani nikajitumia ujumbe, nikafuta, nikabadilisha laini, nikaangalia nini kinabaki. Mume wangu alidhani nimepata mchumba. Ndivyo nilivyogundua kwamba simu za Mpondwe hazijui ziko nchi gani. Mnara wa ng'ambo ya mto wa mpaka ukiwa na nguvu, simu inaudaka, na saa yake inarudi nyuma saa nzima kufuata majira ya Congo. Nilimtetea dereva mmoja wa lori ambaye polisi walisema alituma ujumbe wa kupanga mzigo akiwa sokoni, saa ileile ambayo mashahidi watatu walimwona forodhani. Nikamwomba afande atoe simu yake mwenyewe, tulikuwa tumekwenda kukagua mahali pale, na tulipofika karibu na mto saa ya simu yake ikarudi nyuma saa nzima. Yule dereva alikwenda nyumbani siku hiyo. Niliwapa kahawa wote ofisini, na kwa muda nikajiona bingwa wa simu.

Halafu akaja Bwambale.

Bwambale alikuwa mbebaji wa mizigo pale mpakani Mpondwe, mtu wa Mahango milimani, mabega mapana, maneno machache. Mke wake alitoka upande wa Butembo, kule Congo, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, muuza maharage na unga wa muhogo. Majirani walimwita Nyamuhindo, maana yake mama wa Muhindo, kwa jina la mtoto wao mmoja. Walikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Walipanga vyumba viwili nyuma ya soko la Mpondwe. Polisi waliingia asubuhi moja wakakuta magunia mawili chumba cha nyuma, maharage juu, bangi chini. Nyamuhindo alikuwa kisimani. Bwambale alikuwa nyumbani, akaulizwa ni ya nani, akasema yangu.

Juu ya meza kulikuwa na simu, haina nenosiri, kama simu nyingi za kule, maana simu ya nyumba ni ya nyumba. Ndani yake mlikuwa na jumbe za sauti kutoka kwa mtu wa Butembo. Laini ilisajiliwa kwa jina la Bwambale. Sasa hapa mtu wa Kampala angeona mambo yamekwisha, lakini sisi wa mpakani tunajua: mke akitoka ng'ambo hana kitambulisho cha Uganda, na bila kitambulisho hasajiliwi laini, kwa hiyo mume ndiye anayeisajili. Nusu ya akina mama wa soko lile wanaongea kwa majina ya waume zao. Niliandika jambo hilo kwenye faili siku ya kwanza, nikamwendea Bwambale rumande nimuulize simu hiyo huitumia nani.

"Ni mimi, Madam," akasema.

"Wewe tu?"

"Mimi tu. Andika hivyo."

Alisema upesi mno. Nilishuku, na wakili anayesema hakushuku anawadanganya. Lakini nilikumbuka maneno ya Mzee Kule, nikafunga mdomo.

Polisi waliniletea tafsiri ya zile sauti, imepigwa chapa vizuri. Mtu wa Butembo anasema gunia la kwanza limefika? La pili linakuja kesho na mtu wa pikipiki. Liweke chumba cha nyuma, chini ya maharage, usiliguse. Kila ujumbe ulianza na neno moja kwenye mabano: (salamu). Niligundua kwa nini. Watu wa Butembo na wetu wa huku wanasalimiana kwa lugha ya nyumbani, ambayo ni moja pande zote za mpaka, halafu wanaingia kwenye biashara kwa Kiswahili. Afande aliyetafsiri alikuwa mgeni wa wilaya, Kiswahili chake cha kambini kilimtosha kwa habari za magunia, lakini salamu hakuzielewa, naye hakuona sababu ya kumtafuta wa kuzielewa. Salamu ni salamu.

Nikamuuliza Bwambale mle kwenye salamu mna nini.

Aliinama. "Ni salamu tu, Madam. Watu ya kwetu inasalimiana murefu."

"Nataka sauti zichezwe kortini. Tafsiri hii ina matundu."

"Hapana." Akashika nondo za dirisha. "Pigana na karatasi. Karatasi ni yako, pigana nayo mpaka ipasuke. Ile sauti iache."

Basi nikapigana na karatasi, kama alivyotaka, maana kesi ni ya mteja. Nilisema simu haikufungwa kwenye bahasha siku ilipochukuliwa. Nilisema picha za jumbe zilipigwa kwa simu nyingine, kidole gumba cha afande kinaonekana pembeni kama shahidi wa ziada. Nilisema mtafsiri hakuapishwa. Siku mbili nilimweka afande kizimbani akitoka jasho, na nilianza kuona uso wa hakimu unalainika. Hakimu alikuwa mtu wa mashariki, mpole, msomi, amehamishiwa kwetu karibuni. Nilikuwa na hakika kwamba karatasi zile zitatupwa nje, na bila karatasi hakuna uzi wa kumuunganisha Bwambale na mtu wa Butembo.

Tatizo la kubishana vizuri ni kwamba mtu anaweza kukusikiliza. Asubuhi ya tatu hakimu aliweka kalamu chini akasema, "Wakili anasema tafsiri si ya kuaminika. Ni haki. Simu si iko hapa? Tuisikilize wenyewe, mkalimani wa korti atutafsirie."

Mwendesha mashtaka, naye si mtu wa huku, alikubali hata kabla sentensi haijaisha. Bwambale aliinuka kizimbani. "Mimi nakubali! Madam, sema kwa jaji mimi nakubali makosa!"

"Kaa chini!" askari akafoka. "Nyamaza!"

Nilisimama nikaomba kesi iahirishwe nizungumze na mteja wangu. Hakimu akasema nitampata baada ya sauti kuchezwa, mtu hakubali kosa kwa hofu. Lilikuwa jambo la haki kabisa aliloamua, na ndiyo maana siwezi hata kumlaani.

Korti ya Bwera siku ya soko hujaa. Akina mama huja na vikapu vyao wakisubiri jua lipungue, wabebaji huja kumwangalia mwenzao. Nyamuhindo alikuwa benchi la nyuma, mtoto ananyonya. Simu iliwekwa juu ya meza ya hakimu, sauti ikapandishwa hadi mwisho. Masereka, mkalimani wa korti, mtu wa huku kwetu niliyemjua tangu ujana, akasimama kando.

Kama hamjawahi kusikiliza jumbe za sauti za wazee wa biashara, nitawaeleza kitu. Hawaongei kama vijana wanaotapika maneno. Wanasalimia, halafu wananyamaza. Wanakuachia nafasi ujibu, ingawa wanajua uko ng'ambo ya milima na hutasikika. Wamefundishwa hivyo tangu watoto: salamu bila jibu ni tusi, na hawawezi kuendelea kabla nafasi ya jibu haijapita.

Sauti ya mwanamume ikatoka, ya upole, ya mtu mzima. "Wabukire, Nyamuhindo."

Kisha ikanyamaza.

Na kutoka benchi la nyuma, kwa sauti ya mtu anayemjibu mkubwa wake mlangoni, mwanamke akaitika: "Eee, wabukire."

Alijibu bila kujua amejibu. Niligeuka nikamwona akiziba mdomo kwa kiganja, mtoto amechomoka titi analia. Kila aliyejua Lhukonzo mle ndani, na walikuwa karibu wote, alikuwa amesikia jina na amesikia mwenye jina akiitika. Hakuna aliyegeuza shingo. Akina mama wale wa vikapu waliangalia mbele kama wako ibadani.

Hakimu akainua kichwa. "Yule mama anasema nini?"

"Anaitika salamu, Mheshimiwa," Masereka akasema.

"Salamu ya nani?"

"Ya simu. Kwetu salamu haiachwi chini. Mtu akisalimia, mwenye mdomo anaitika."

Hakimu akatabasamu. "Na huyu wa kwenye simu, hapo mwanzo amesema nini?"

Masereka alimtazama Bwambale, kisha akanitazama mimi. Alikuwa ameapa kwa Biblia kutafsiri neno kwa neno. Alikuwa pia na dada zake sokoni.

"Anasalimia tu, Mheshimiwa."

Simu ikaendelea. Habari za gunia la kwanza, la pili, mtu wa pikipiki, chumba cha nyuma. Kwa Kiswahili, kila mtu akaelewa.

Niliomba nafasi tena, na sasa nikapewa. Nilimkuta Bwambale kwenye chumba kidogo nyuma ya korti, askari amesimama mlangoni, kwa hiyo tuliongea kwa Lhukonzo na kwa sauti ya chini. Nilimwambia nafasi ya kutoka iko mikononi mwetu: ujumbe haukuwa wake, jina la mwenyewe limo ndani, na mwenyewe ameitika mbele ya korti. Naomba tu mkalimani mwingine, sauti irudiwe.

"Nikitoka, yeye anaingia?"

Nilifunga faili nililokuwa nimelishika.

"Madam, yeye ni wa Congo. Watamfunga, na akimaliza watamtupa ng'ambo ya mto. Mimi nikifungwa watoto wanabaki na mama. Yeye akifungwa, mimi na huu mgongo wa kubebea magunia, nitanyonyesha na nini?" Akapumua. "Nilimwambia arudishe ile mizigo. Alisema safari ingine. Ni mjinga, si mbaya. Ile salamu iache hivyo."

Mtaniuliza kama nilikuwa na haki ya kunyamaza. Wakili hasemi uongo kortini, na sikusema. Lakini pia hafungui mdomo kumwaga siri ya mteja aliyemkataza. Sheria ni msumeno, na siku hiyo nilikaa pale katikati yake. Niliporudi kortini hakimu aliniuliza kama nina swali kuhusu sauti zile. Nikasema sina. Neno hilo lilinikera kinywani kama mchanga kwenye ugali, na hadi leo likinijia nakasirika. Nilimkasirikia Bwambale kwa kuwa mwema, nikamkasirikia mke kwa kuwa na adabu. Nilikasirika hata na yule mzee wa Butembo, aliyejua kusalimia vizuri huku akipeleka sumu nyumbani kwa watu.

Hukumu haikuwa ndefu. Laini ni yake, magunia yamekutwa kwake, alikiri siku ya kwanza, na utetezi haukupinga yaliyosikika. Miaka saba. Bwambale alishukuru. Hakimu aliagiza vielelezo viteketezwe, na baada ya siku chache magunia yalimwagwa kwenye shimo nyuma ya kituo, wakamwaga mafuta ya taa, na simu ikatupwa humohumo, maana agizo lilisema vielelezo vyote na afande hakutaka kuchagua. Nilisikia kwa karani. Kwa hiyo kama mnafundisha wengine, waambieni wajihadhari na shimo hilo: mkishindwa kesi, siku hiyohiyo ombeni simu itunzwe. Mimi sikuomba, maana mteja wangu alitaka sauti ile ife. Mtu wa Butembo naye alikuwa ameshabadilisha simu, au ameshakufa. Hatukumpata kamwe.

Nyamuhindo alikuja ofisini Kasese na mtoto mgongoni. Alikataa kiti.

"Madame, ni miye. Ule muntu alinisalimiya miye. Banafunga bwana yangu bure. Minataka bamwachiye, banifunge miye."

Nilimwambia akisema hivyo polisi wanaweza kuwafunga wote wawili, maana magunia yalikuwa kwenye nyumba ya wote wawili. Nikamwambia mumewe hataki. Aliniangalia kana kwamba nimeongea Kichina. Kumbe kabla ya kuja kwangu alikuwa amepita kituoni. Afande wa zamu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Mama, ile kesi imeisha. Faili imefungwa. Rudi nyumbani, lea watoto." Nadhani alidhani ni mke anayetaka kumwokoa mumewe, kama wanavyokuja wengi. Kuna siku hata ukweli haupati mtu wa kuupokea.

Niliandika rufaa hata hivyo, nikaenda nayo gereza la Mubuku ili aisaini. Niliandika sababu za karatasi tu: bahasha, kidole gumba, mtafsiri. Bwambale aliishika karatasi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika picha ya mtoto, akanirudishia.

"Watoto wanakula?"

"Wanakula."

"Wako na mama?"

"Wako naye."

"Basi rufaa ya nini, Madam? Ukichokoza hii maneno, wataanza kuuliza tena. Iweke."

Nikaiweka. Siku za kukata rufaa ni chache, mnazijua, na zikapita.

Kilichofuata sikukijua mara moja. Nilikuwa Kasese na kesi zangu nyingine, Bwera nakwenda siku za korti tu. Siku moja nikakutana na Nyamuhindo njiani Mpondwe, hana kikapu, amepungua. Nikamuuliza biashara inaendaje. Akasema hakuna biashara.

"Wamama ba soko banakatala kuniitika, Madame. Minawasalimiaka asubui, banaangalia kule. Hata pale minaenda kuteka maji. Hata ku misa."

Nilielewa polepole, na nilipoelewa nilitaka kukaa chini barabarani. Kortini hawakumuuza. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Lakini wote walisikia, na wote walijua kwamba mwanamume yuko Mubuku na mwenye mzigo anauza maharage. Hawakumtukana, hawakumfukuza, hawakumripoti. Waliacha tu kumjibu. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Kwa watu wetu, mtu asiyeitikwa salamu hayupo, hata mchuuzi wa jumla hamkopeshi, hata jirani hamwombi moto. Niliongea na wawili kati yao, wanawake ninaowaheshimu. Mmoja akaniambia, "Madam, sisi hatukumshtaki," akaendelea kupanga nyanya zake.

Baada ya muda aliwapandisha watoto Mahango kwa mama yake Bwambale, kikongwe anayelima muhogo kwenye mteremko ambao hata mbuzi wanaushuka kwa tahadhari. Hata yule aliyekuwa ananyonya alimwacha, amemwachisha ziwa. Akasema anakwenda kwao kutafuta mtaji, atarudi. Wakati huo barabara za upande wa Beni zilikuwa zinaua watu, kila wiki Wakongomani wakimiminika kuvuka mto kuja kwetu na magodoro kichwani. Yeye peke yake alikuwa anaelekea kule walikotoka. Niliuliza kwa mapadri, niliuliza kwa wakimbizi, niliuliza kwa madereva. Hakuna aliyemwona. Sijui kama yuko hai.

Nilichelewesha kwenda Mubuku. Nilijiambia habari mbaya haikimbii. Mwishowe nilienda, kwa sababu mama yake alikuwa mzee mno kusafiri na Bwambale alikuwa ameanza kuwauliza wageni wa wenzake habari za nyumbani. Alikuja kwenye chumba cha wageni amevaa njano ya wafungwa, mabega yale yale, nywele zimeanza mvi. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama ninavyosoma hati kortini, maana sikujua njia nyingine ya kuyasema. Soko. Kisima. Mahango. Mto.

Kisha akauliza kama mtoto mdogo amejifunza kutembea kwenye ule mteremko. Nikasema ametembea. Akauliza mama yake bado ana nguvu za kulima. Nikasema kidogo.

Alisugua viganja vyake, mikono ya mtu ambaye kamba za magunia zimemkata miaka mingi.

"Basi Madam," akasema, "sasa leta ile karatasi. Nasaini leo."

Nilimwambia siku za rufaa zilikwisha zamani. Nikamwambia naweza kuomba muda uongezwe, lakini jaji atataka kujua kwa nini tulichelewa, na atataka kusikia sauti ile, na simu iliteketea kwenye shimo nyuma ya kituo, na hakuna nyingine popote. Nikasema nitaomba hata hivyo. Niliomba, na nilikataliwa, lakini hilo lilikuwa baadaye.

Siku hiyo alinitazama tu, bila hasira hata kidogo, kama mtu aliyeweka kitu chake kwa jirani akarudi kukichukua.

"Mimi nilifikiri inangoja," akasema.